Nyayo za meli zisiwe siri ya ofisi

Ukitaja uvuvi haramu wa bahari kuu mbele ya Mtanzania aliyekwishavuka miaka thelathini, haupiti muda kabla hajakutajia "samaki wa Magufuli". Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu kwa tuhuma za kuvua bila leseni, ikiwa imesheheni karibu tani 300 za samaki. Hayati John Magufuli, wakati huo akiwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, alikuwa sura ya sakata hilo kiasi kwamba samaki wale walipogawiwa waliliwa kwa jina lake. Kisichokumbukwa sana ni kwamba meli hiyo haikugunduliwa na ofisi yoyote ya Dar es Salaam. Ilikutwa baharini na meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, iliyokuwa katika doria ya pamoja ya nchi za ukanda huu, na laiti siku ile doria ingepita mbali kidogo na pale, pengine jina la Tawariq tusingelijua hadi leo. Washtakiwa walitiwa hatiani mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha kesi hiyo mwaka 2014 kwa kasoro za kisheria, na meli yenyewe ikaishia kuharibikia katika bandari ya Dar es Salaam.

Ukanda wetu wa uchumi wa bahari, kwa takwimu ambazo serikali imekuwa ikizitumia, una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 223,000, yaani robo ya eneo la nchi nzima. Hakuna hazina ya taifa, hata la kitajiri, inayoweza kulipia mafuta ya meli za doria za kulizungukia eneo hilo usiku na mchana. Ndiyo maana tangu wakati ule dunia imehamia kwenye njia nyingine, ya kuifuatilia meli kwa mawimbi inayoyatoa yenyewe, na katika hilo Tanzania haijaachwa nyuma kabisa. Ninachotaka kukijadili ni suala ambalo wataalamu wa mitambo hawana sababu ya kulijadili: taarifa hizo zikishakusanywa, nani anaruhusiwa kuziona? Naamini kwamba zikibaki ndani ya chumba kimoja cha ufuatiliaji, zitakuwa na nguvu ndogo sana kuliko gharama yake.

Tuanze na mitambo yenyewe, maana iko ya aina mbili na watu huichanganya. Wa kwanza ni AIS, ambao haukubuniwa kwa ajili ya samaki hata kidogo, bali kuzuia meli zisigongane. Kila baada ya sekunde chache meli iliyo safarini hurusha kwa redio namba yake ya utambulisho yenye tarakimu tisa, mahali ilipo, kasi yake na uelekeo wake, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kuzisikia taarifa hizo. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, liliagiza kwamba hadi kufikia mwisho wa mwaka 2004 meli zote za abiria, pamoja na meli za mizigo za kuanzia tani 300 zinazofanya safari za kimataifa, ziwe zimefungwa kifaa hicho. Meli za uvuvi hazikubanwa kwa namna hiyo. Kila nchi iliachiwa uamuzi wake, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya unakilazimisha kwa meli zake za uvuvi zenye urefu unaozidi mita 15 huku nchi nyingine zikiwa hazina sharti lolote. Mtambo wa pili ni VMS, ambao hufungwa kwa sababu leseni inautaka. Huo hutuma taarifa kupitia setilaiti moja kwa moja kwa mamlaka ya uvuvi, kwa kawaida kila baada ya saa moja au zaidi, na kinachotumwa hubaki kuwa siri baina ya mwenye meli na serikali husika. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inazitaka nchi wanachama zizifuatilie meli zao kubwa kwa mtambo huo, na kwa upande wetu dhamana ya leseni za bahari kuu iko kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar, inayozihudumia pande zote mbili za Muungano.

Ambaye hajawahi kuiona njia ya meli ya uvuvi kwenye ramani hudhani kwamba inamwonyesha tu ilipokuwa. La hasha, inamwonyesha pia ilichokuwa ikifanya. Chukua meli ya mishipi mirefu inayowinda jodari na nduaro. Inatoka bandarini kwa mstari ulionyooka, kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) kumi na ushee, na kwa siku kadhaa hakuna cha kutazama. Kisha inaanza kutega: mstari bado umenyooka, lakini nyuma yake inashuka kamba inayoweza kufikia urefu wa kilomita 100, yenye maelfu ya ndoana zilizotiwa chambo. Baada ya hapo meli inakaa kwa saa kadhaa ikielea na mkondo. Hatimaye inageuka na kuifuata kamba ileile, safari hii kwa mwendo wa kusuasua wenye vikona vingi, kwa kuwa mabaharia wanavuta, wanatoa samaki kwenye ndoana, wanasimama pale kamba iliponasa. Mstari mmoja umepitiwa mara mbili, mara moja kwa haraka na mara moja kwa taabu, na aliyewahi kuuona mara kadhaa hahitaji kuambiwa kwamba pale pamevuliwa. Meli ya nyavu za kuzungusha hujulikana kwa kiduara kidogo kinachofuatiwa na saa chache za kusimama, ilhali ile ya nyavu za kukokota huenda na kurudi kwa mwendo wa polepole usiobadilika, kama trekta shambani. Ziko pia meli mbili zinazokaa umbali usiozidi mita 500 kwa saa mbili au zaidi, kwa mwendo wa chini ya noti 2, mbali na pwani. Hapo mchambuzi hushuku kwamba samaki wanahamishiwa kwenye meli ya jokofu, nje ya macho ya mkaguzi yeyote wa bandari.

Kwa kuifundisha kompyuta kuzisoma alama hizo, watafiti wa Global Fishing Watch, mradi ulioanzishwa na mashirika ya mazingira ya Oceana na SkyTruth pamoja na kampuni ya Google na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Science picha ya kwanza ya uvuvi wa dunia nzima. Walipitia taarifa bilioni 22 za AIS za miaka 2012 hadi 2016, wakazitambua meli za uvuvi zaidi ya 70,000, na wakaona kwamba shughuli zao zimegusa zaidi ya asilimia 55 ya eneo la bahari. Huko kwenye bahari isiyo ya nchi yoyote, meli za China, Hispania, Taiwan, Japani na Korea Kusini peke yake zilibeba zaidi ya asilimia 85 ya uvuvi ulioonekana.

Neno "ulioonekana" nimeliweka kwa makusudi. Miaka sita baadaye, Januari 2024, timu hiyo ilichapisha katika jarida la Nature utafiti mwingine ambao kwa kiasi fulani uliukosoa ule wa kwanza. Safari hii walitumia picha za rada kutoka setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo huiona meli hata usiku na hata penye mawingu, bila kujali kama imewasha redio au imezima. Matokeo yake ni kwamba kati ya asilimia 72 na 76 ya meli za uvuvi wa viwandani hazionekani katika mifumo ya ufuatiliaji iliyo wazi kwa umma, na sehemu kubwa ya hizo iko pembezoni mwa Afrika na Asia ya Kusini. Ramani za zamani zilikuwa zimetuonyesha Ulaya yenye uvuvi mwingi na Afrika yenye bahari tulivu, kumbe utulivu huo ulikuwa wa redio tu. Mtu wa sera anayeitazama ramani ya AIS ya maji ya Tanzania na kuridhika kwamba hakuna meli nyingi, anaridhika bila sababu.

Hata sisi wa Dar es Salaam tunaweza kulishuhudia hilo bila setilaiti. Kaa jioni Barabara ya Barack Obama, uangalie meli za mizigo zilizotia nanga zikisubiri zamu ya kuingia bandarini, kisha fungua simu kwenye mojawapo ya programu za bure za kufuatilia meli. Kila moja utaiona kwa jina, bendera na bandari ilikotoka. Giza likishaingia, baina ya meli hizo hujitokeza taa za boti za dagaa, na baadhi yake alfajiri zitakuwa kwenye soko la samaki la Feri, madalali wakinadi. Kwenye simu hamna hata moja. Sehemu kubwa kabisa ya samaki wa baharini wanaoliwa nchini huvuliwa na wavuvi wadogo wa aina hiyo, wenye ngalawa, mashua na boti za mbao, ambao hawajawahi kuwa na kifaa cha AIS na hakuna sheria inayowataka wawe nacho.

Hapo ndipo hujitokeza kishawishi ambacho nakiona ni cha hatari: kwa kuwa wadogo hawaonekani, basi tuanze na wao, kila ngalawa ifungwe kifaa. Si kwamba haiwezekani. Timor-Leste wamevifunga kwenye boti ndogo vifaa vinavyotumia nguvu ya jua, na taarifa zake zimesaidia kujua wavuvi wanatumia muda gani baharini na wanapata nini. Ila mvuvi wa Kunduchi au Kigamboni ana elimu yake ambayo ndiyo mtaji wake. Mwamba anaoufahamu huupata kwa kulinganisha mnara wa simu na kilele cha mnazi fulani ufukweni, na elimu hiyo hampi hata jirani yake. Ukimtaka aikabidhi kwa serikali huku meli ya kigeni yenye urefu wa mita 50 ikiendelea kuwa siri ya faili, umeanzia kwa asiye na wakili. Makosa ya karibu na pwani nayo yana dawa nyingine. Mwaka 2015 watafiti waliosikiliza bahari kwa vinasa sauti kwa siku 31 katika pwani yetu walihesabu milipuko 318 ya uvuvi wa baruti, asilimia 62 yake ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka jiji hili. Hakuna AIS ambayo ingeigundua hata mmoja. Vinasa sauti viliisikia, na katika miaka iliyofuata ni operesheni za dola pamoja na watu wa vijijini waliochoka ndizo zilizoipunguza.

Turudi basi kwa wakubwa. Wanaopinga kuziweka wazi taarifa za VMS wana hoja tatu, na hakuna iliyo ya kipuuzi. Ya kwanza ni siri ya biashara: nahodha aliyelipia leseni na mafuta akapata eneo zuri hapendi mshindani wake alijue. Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama nisingejua jinsi meli za nyavu za kuzungusha zinavyofanya kazi katika Bahari ya Hindi. Meli hizo hutupa baharini maboya ya kuvutia samaki yenye vifaa vya setilaiti na vya mwangwi, na mtu aliye ofisini mwake Ulaya huweza kujua boya liko wapi na chini yake kuna samaki kiasi gani. Mwaka 2019 Tume ya Jodari iliweka kikomo cha maboya 300 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja kwa kila meli, na idadi hiyo yenyewe inaeleza ukubwa wa shughuli. Maboya huelea yanakopelekwa na mkondo, yakiwamo maji ya nchi za pwani ambazo hazikuulizwa. Yaani kampuni inaweza kuwachungulia jodari wanaopita katika maji yetu saa hii, lakini mwananchi mwenye maji hayo haruhusiwi kujua meli ya kampuni hiyo ilivua wapi mwezi uliopita. Kama kuna siri ya kulindwa, ichapishwe njia ya meli baada ya wiki kadhaa. Jodari hawasubiri mahali pamoja, kwa hiyo mshindani hatanufaika na lolote, ila mchunguzi atapata karibu kila anachokihitaji.

Hoja ya pili ni usalama. Kwenye maji ya kaskazini yetu maharamia wa Kisomali waliwahi kuziteka hadi meli za uvuvi, na taratibu za kimataifa zenyewe zinamruhusu nahodha kuzima AIS pale anapoona kuwasha kunaihatarisha meli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulihesabu matukio zaidi ya 55,000 ya meli za uvuvi kushukiwa kuzima AIS kwa makusudi kati ya 2017 na 2019, na waandishi wake walikuwa waangalifu kutosema kwamba yote ni ya wizi, kwani wako waliokimbia maharamia na wako waliowaficha wapinzani eneo lenye samaki. Nakubaliana nao. Pengo katika njia ya meli si ushahidi wa hatia, na mwandishi wa habari anayelichukulia hivyo anajitafutia kesi ya kashfa. Lakini VMS haisikiki kwa maharamia, kwa hiyo huyo anayezima AIS kwa kuhofia bunduki hana sababu ya kuzima VMS, na uchapishaji wa kuchelewa hauwapi maharamia chochote.

Ya tatu ndiyo husemwa kwa sauti ya chini katika kumbi za mikutano: kwamba kuzikabidhi taarifa zetu kwa jukwaa la nje ni kuuza mamlaka ya nchi. Hapa mfano ni Indonesia, iliyofungua njia mwaka 2017 kwa kuchapisha taarifa zake za VMS kupitia Global Fishing Watch. Waziri wake wa uvuvi wakati huo, Susi Pudjiastuti, ndiye aliyekuwa akizilipua na kuzizamisha meli za wavuvi haramu hadharani, na sijui nani angethubutu kumwambia kwamba hajali mamlaka ya nchi yake. Peru ilifuata, kisha Chile na Panama. Tena si lazima jukwaa liwe la nje, kwani hata tovuti ya mamlaka yetu wenyewe ingetosha, mradi taarifa ziwe kamili na zipakulike.

Faida ya macho mengi ilionekana Kiribati, nchi ya visiwa ambayo watu wake hawafiki hata idadi ya wakazi wa wilaya moja ya Dar es Salaam. Ilipolifunga Eneo Tengefu la Visiwa vya Phoenix kwa uvuvi wa kibiashara tarehe 1 Januari 2015, watafiti walio maelfu ya kilomita mbali waliweza kuonyesha kwa ramani jinsi meli zilivyoondoka, na mwaka huohuo meli moja iliyoingia kuvua ikakamatwa na mmiliki wake akalipa faini ya dola milioni 1.

Sisi nasi tuna vya kulinda, na ramani za namna hii zinaweza kusaidia kuamua wapi. Mwaka 2019 utafiti uliolinganisha njia za papa waliofungwa vifaa vya setilaiti na njia za meli za mishipi mirefu ulikuta kwamba kwa wastani wa mwezi, asilimia 24 ya eneo wanalolitumia papa wa bahari kuu limo ndani ya eneo linalovuliwa na meli hizo. Mwingine wa mwaka 2022 uliwahusu papa potwe, hawa wanaowaleta watalii Kilindoni kule Mafia, ukaona kwamba asilimia 92 ya eneo wanaloogelea hupitiwa pia na meli kubwa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu 1995, lakini mipaka yake papa hao hawaijui, na wakiwa nje yake usalama wao unategemea kama kuna mtu anayejua meli zinapita wapi.

Hata hivyo, mstari wa kwenye ramani hauoni kilichomo ghalani. Januari 2018 wakaguzi waliipekua Buah Naga 1, meli ya mishipi mirefu yenye bendera ya Malaysia, wakakuta mapezi ya papa yasiyo na miili yake pamoja na silaha iliyofichwa. Njia yake ingeweza kuwa safi kuanzia mwanzo hadi mwisho na kosa likabaki palepale. Ndiyo maana simwungi mkono anayedhani kwamba setilaiti zitapunguza haja ya wakaguzi na waangalizi wa melini. Kinachobadilika ni kwamba mkaguzi sasa anajua aanze na meli ipi, na mwendesha mashtaka anapata kitu ambacho kesi za zamani hazikuwa nacho, yaani kumbukumbu ya saa kwa saa isiyotegemea kiapo cha baharia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwishafungua mlango wa ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Kilichobaki ni kazi ya kuchosha, isiyo na kamera: kuandaa maofisa wa kueleza mbele ya hakimu taarifa ilitoka kwenye kifaa gani, ikahifadhiwa vipi na nani aliigusa.

Mahali pa kuanzia papo. Kwa miaka mingi meli zinazovua jodari katika ukanda huu zimekuwa zikishusha samaki Victoria huko Shelisheli, Port Louis huko Mauritius na kwingineko, nasi tukipata habari za kilichovuliwa kwa karatasi zilizojazwa na wavuaji wenyewe. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko imekusudiwa kubadili hali hiyo. Kabla meli haijafunga kamba pale gatini, mkaguzi awe ameshaiona njia yake yote, aiweke sambamba na kitabu cha nahodha cha kumbukumbu za uvuvi, na aulize kuhusu kila siku ambayo viwili hivyo havikubaliani. Leseni za bahari kuu hutolewa kwa muda maalumu, kwa hiyo kila inapofika zamu ya kuzihuisha kuna nafasi ya kuongeza masharti mawili bila kusubiri sheria mpya ya Bunge: kwamba mwombaji anaridhia njia ya meli yake ichapishwe baada ya muda utakaotajwa, na kwamba VMS ikizimika pasipo maelezo yanayothibitika, leseni inasimama hadi meli ifike bandarini kukaguliwa.